Mjomba, Sisi Tuko Wapi Hapo?

Najua nimepotea. Kazi ya gazeti ni kazi ya miguu, ukirudi nyumbani usiku hata kuwasha kompyuta unaona uvivu. Lakini leo nimesema liwalo na liwe, lazima niandike, maana kuna swali limenikaa kichwani tangu likizo ya Juni na halitaki kutoka.

Naomba leo tuweke siasa pembeni. Leo naongelea gemu. Ndiyo, gemu ya kompyuta. Usicheke kwanza.

Nianze kwa kutubu. Mimi mtu mzima, mwenye shahada yangu moja na kitambulisho cha uandishi wa habari, nacheza Age of Empires II. Sikuanza jana. Nilianza chuoni, chumba cha watu wanne, kompyuta moja ya mwenzetu, foleni kama ya bombani. Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1999, kwa hiyo mimi na huo mchezo tunalingana kiumri, na tofauti yetu ni kwamba wenyewe bado unaongezewa vitu vipya, mimi naongezewa bili tu.

Kwa asiyeufahamu nieleze kwa kifupi. Unachagua taifa. Unapewa wanakijiji wachache, unawatuma wakate miti, wachunge kondoo, wachimbe dhahabu na mawe. Unajenga nyumba, unapita zama nne, kutoka zama za giza hadi zama za dola. Halafu unaunda jeshi unaenda kumvunjia jirani, au jirani anakuja kukuvunjia wewe. Ndiyo mchezo wote huo. Ukiwa na mtihani kesho yake ndiyo unanoga zaidi.

Sasa likizo hiyo ya Juni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, alikuja kukaa kwangu wiki mbili. Jumamosi moja nimefungua mchezo, naye kasogeza kiti. Nikafika pale pa kuchagua taifa. Orodha inatokea, naye anaisoma kwa sauti kama anayesoma majina ya waliofaulu. Wabriton, Wafaransa, Wachina, Wajapani, Wamongolia. Akashuka mpaka chini, akapanda tena juu. Akaniuliza:

"Mjomba, sisi tuko wapi hapo?"

Nikamwonyesha Waethiopia. Akasema, "Hao ni majirani." Nikamwonyesha Wamali. Akasema, "Hao nimewaona AFCON." Akanyamaza, ananisubiri. Ndugu msomaji, mimi ninalipwa kwa kuuliza watu maswali, na siku hiyo nilishindwa kujibu swali la mtoto wa darasa la tano.

Tuwatendee haki waliotengeneza mchezo. Mwaka 1999 ulianza na mataifa 13, na kusini mwa Sahara hapakuwa na taifa hata moja. Mwaka 2000 yakaongezwa 5, kati yao Waazteki, Wamaya na Wakorea. Bado sisi hatumo. Halafu mchezo ukalala miaka mingi. Kampuni ya Marekani iliyoutunga, Ensemble Studios, ikafungwa mwaka 2009. Lakini wachezaji hawakuuacha, mchezo ukafufuliwa, na vifurushi vya nyongeza vikaanza kutoka tena.

Kila inaponong'onwa kwamba kifurushi kipya kinakuja, sisi wachezaji tunaanza ubashiri. Safari hii wataingizwa akina nani? Ni kama kipindi cha usajili wa Simba na Yanga, kila mtu ana chanzo chake, na kila chanzo kinaapa.

Mwaka 2015 ubashiri wangu ungetimia, kama wakati huo ningekuwa nimeshaanza kucheza. Kifurushi kilitoka kikiitwa The African Kingdoms. Falme za Afrika! Mataifa manne. Waberiberi wa kaskazini, Wamali wa magharibi, Waethiopia wa mashariki. Na wa nne?

Wareno.

Hapana, sikukosea kuandika. Katika Falme za Afrika, ufalme wa nne ni Ureno. Kila taifa limepewa na simulizi yake ya kucheza, ambayo inamfuata shujaa mmoja. Wamali wana Sundjata, mwanzilishi wa dola yao. Waethiopia wana Yodit. Waberiberi wana Tariq ibn Ziyad, yule aliyevuka kwenda Hispania. Na Wareno wana Francisco de Almeida.

Nilipoicheza simulizi hiyo chuoni, jina hilo halikuniambia kitu. Almeida ni Almeida, nikacheza. Nikashinda. Nikaamka saa sita mchana na macho mekundu, nimefurahi kweli kweli.

Miaka kadhaa baadaye gazeti likanituma mkoa wa Lindi, habari za wavuvi. Kazi ikaisha mapema, nikabaki na nusu siku pale Kilwa Masoko. Mwenyeji mmoja akaniambia ni aibu kufika hapo usivuke kwenda Kisiwani. Nikapanda mashua. Maji ni machache tu hapo katikati, hata hujamaliza kuogopa umeshafika.

Jamani, nendeni Kilwa. Nilikuwa nimesoma Kilwa shuleni kama mstari mmoja wa kukariri. Kusimama ndani ya Msikiti Mkuu ni kitu kingine. Nguzo, matao, na kuba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini. Kule juu ya mwamba unaotazama bahari kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na ndani yake bwawa la kuogelea lenye pande nane. Miaka ya 1300 mwanzoni hiyo! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, mtu aliyeshaona Makka na Cairo, akauhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Mji ulikuwa na sarafu zake za shaba, na sarafu moja ya Sultani huyo imekuja kuokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Wataalamu bado wanabishana.

Mzee aliyekuwa anatuongoza akatupeleka mpaka kwenye Gereza, ile ngome iliyo karibu na maji. Akanyoosha fimbo baharini, akasema meli za Wareno zilitokea kule. Akaeleza kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Halafu mwezi Julai 1505 akaja mwingine, mkubwa zaidi, anakwenda India kuwa makamu wa mfalme. Huyu hakuja kuzungumza. Mtawala akakimbia, mji ukaporwa, Wareno wakajenga ngome yao na wakamsimika mtawala wanayemtaka wao. Kisha wakapanda na pwani mpaka Mombasa.

Nikamuuliza mzee, huyo wa 1505 aliitwa nani?

"Almeida," akasema. "Francisco de Almeida."

Sikusema kitu. Ningesema nini? Kwamba huyo bwana namfahamu? Kwamba nilikesha naye? Nilijifanya naandika kwenye daftari.

Mombasa walipigana. Mitaa ni myembamba, nyumba ni za mawe, watu wakawa wanarusha mishale na mawe kutoka juu ya mapaa. Ilikuwa Agosti 1505. Mji ukachukuliwa, ukaporwa, ukachomwa moto. Na Almeida mwenyewe hakufika kwao. Machi 1510, akirudi Ureno, meli zake zilitia nanga kwenye ghuba ambapo leo pana mji wa Cape Town, wakagombana na Wakhoikhoi, naye akauawa pale ufukweni na watu wake zaidi ya 50. Alilala Afrika.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona mpaka niliporudi Dar nikaufungua mchezo tena. Katika mchezo Wareno wana jengo lao maalumu linaloitwa Feitoria. Feitoria ndiyo vile vituo vya biashara ambavyo Wareno walivijenga katika pwani za Afrika na Asia. Ukishaijenga, inakuletea chakula, miti, dhahabu na mawe, yenyewe, polepole, bila kukoma. Hakuna mwanakijiji anayechimba wala anayekata. Mali inatoka tu. Wachezaji tunaipenda sana mwisho wa mchezo, migodi inapokuwa imekauka.

Mimi sasa kila nikiitazama najiuliza, hiyo dhahabu inatoka wapi? Kwenye mchezo haitoki popote. Kwenye pwani yetu ilitoka Sofala, ikapitia kwenye mikono ya watu wenye majina.

Najua kuna mtu atasema, kijana, hiyo ni gemu tu, watoto wanacheza. Kweli, na sitaki kumtukana mtu. Waliotengeneza kifurushi kile walifanya kazi nzuri. Ukimbonyeza mwanakijiji wa Ethiopia anakuitikia kwa Kiamhari. Hebu fikiria mtoto wa Addis anavyojisikia. Lakini hapo ndipo ninapoumia. Baada ya 2015 wakaenda Asia ya kusini mashariki mwaka 2016. Mwaka 2021 wakawaingiza watu wa Burgundy (siyo Burundi, usichanganye), wa Sicily, wa Bohemia na wa Poland. Mwaka 2022 India. Mwaka 2023 Armenia na Georgia. Mwaka 2025 China. Burgundy ndugu zangu! Na katika hivyo vyote hakuna kifurushi hata kimoja kilichorudi Afrika.

Na michezo mingine? Ile Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguka kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, ambao mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kuipata. Dunia nzima ikaimba Kiswahili. Lakini ukimaliza kusikiliza ukaenda kuchagua taifa, Waswahili hawamo. Katika Civilization VI ya 2016 Zanzibar ipo, ila kama mji mdogo wa pembeni. Huwezi kuucheza, unaweza kuufanya rafiki tu, na ukiwa rafiki yake mkubwa unapewa karafuu na mdalasini. Yaani sisi ni wimbo wa kufungulia na viungo vya pilau. Civilization VII ya 2025 angalau imewaleta majirani zetu Waganda. Hongera zao, kwa kweli. Na mwaka 2022 mchezo uitwao Humankind uliwaingiza Waswahili, pamoja na mtepe wao. Kwa hiyo asije mtu akaniambia haiwezekani.

Basi mimi na mpwa wangu tukaamua kubashiri, tena siyo kwa maneno. Tulichukua karatasi tukajaza kila kitu ambacho taifa jipya linatakiwa kuwa nacho.

Jengo la ajabu: hapo hatukubishana. Msikiti Mkuu wa Kilwa.

Nyumba: mataifa mengine yanajenga nyumba kwa miti. Waswahili wajenge kwa mawe, maana matumbawe yanakatwa yangali laini, yakikauka yanakuwa magumu, na juu yake chokaa. Nyumba iwe ghali zaidi lakini iwe ngumu kuvunja. Mombasa 1505 walipigania juu ya mapaa, basi na wapiga upinde wetu wapande mapaani.

Chombo: mtepe, bila shaka. Mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari hata mmoja, tanga ni mkeka. Mpwa wangu akauliza, "Una mizinga?" Nikamwambia hauna. Akanitazama kwa huruma.

Biashara: hapa ndipo tulipokwama. Nguvu ya pwani yote ilikuwa upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi, inaleta majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi inaanza Aprili, inayarudisha. Katikati ya hapo mgeni anasubiri, anapanga chumba, anajifunza lugha, anaoa. Mchezo hauna upepo, na hauna mgeni anayesubiri. Katika mchezo huu chombo kikifika ufukweni kwako, ama ni cha rafiki uliyekubaliana naye mwanzo, ama kimekuja kukuua.

Shujaa: tukakwama tena. Wamali wana Sundjata mmoja. Sisi pwani nzima ilikuwa miji, kila mji na mkubwa wake. Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate, wakati mwingine wanashindana wenyewe kwa wenyewe. Malindi walimpa Vasco da Gama rubani wa kumfikisha India mwaka 1498, na Mombasa ilipochomwa Malindi walikuwa upande wa Wareno. Malindi hao hao ndio waliompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Utamfanya nani shujaa hapo? Na tusijidanganye, pwani iliuza dhahabu na pembe, na iliuza watu pia. Ukijaza fomu, ijaze yote.

Kadiri tulivyoendelea kujaza ndivyo nilivyoona kwamba labda hawatuachi kwa dharau. Mchezo unapima ustaarabu kwa kipimo kimoja: una jeshi gani, una mfalme gani, umemvunja nani. Ukiipima Kilwa kwa kipimo hicho inatoka na alama ndogo. Haikujenga dola ya kuvamia bara. Ilijenga mji ambao watu walivuka bahari kuufuata.

Halafu mpwa wangu akauliza swali la pili. "Kwani sisi ni Waswahili?"

Hapo nilicheka, maana swali hilo hata kwa watu wazima ni zito. Babu yake ni mtu wa Songea. Mimi nimezaliwa Songea, nikakulia Dar. Hapa mjini ukimwambia mtu "wewe Mswahili", anaweza kukuuliza unamaanisha nini, maana Mswahili siku hizi ni mtu wa maneno mengi, na Uswahilini ni mahali unapotamani kuhama. Tumelichukua jina la watu waliojenga Husuni Kubwa tukaligeuza kuwa tusi dogo la mtaani. Na hata neno letu la kutafsiri jina la ile Civilization, yaani ustaarabu, ndani yake amekaa Mwarabu. Kabla sijawalaumu watu wa Marekani kwa kutotuona, naona kuna kazi nyumbani.

Nikamjibu hivi: watu wa Songea siyo waliojenga Kilwa. Lakini lugha unayoniulizia ilikua katika miji ile, ikapanda na njia za misafara mpaka bara, ikamfikia babu yako. Wewe unaitumia kila siku. Basi una haki ya kuuliza wako wapi.

Jumapili yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla hajarudi kwao. Mchezo una sehemu ya kutengeneza ramani yako mwenyewe. Tukatengeneza kisiwa. Tukapanda minazi. Kwa kuwa Waswahili hawamo, tukaazima majengo ya Mashariki ya Kati, na pale pa jina la mchezaji mpwa wangu akaandika KILWA kwa herufi kubwa. Tukaweka nyumba, ukuta, vyombo vya biashara, wanakijiji 30. Alilalamika kidogo kwamba ukiwabonyeza wanaongea Kiarabu, lakini akasamehe.

Kisha nikaweka mchezaji wa pili upande wa kusini mashariki, rangi nyekundu. Wareno.

"Wanakuja lini?" akauliza.

Nikamwambia Julai 1505.

"Na sasa hivi ni mwaka gani?"

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia tuseme ni 1331, kuna mgeni anaitwa Ibn Battuta ameshuka leo asubuhi.

Akahesabu kwa vidole, akapata miaka 174. Akaniomba nimpishe kiti, akavuta kompyuta karibu, akaanza kuwatuma wanakijiji wake kwenye machimbo ya mawe. Mimi nikaenda kupika ugali. Mpaka chakula kinaiva alikuwa amejenga minara sita inayotazama baharini, na hakutaka kuja mezani.

Haya, naomba kuwasilisha. Na wewe msomaji, kama ungepewa karatasi ile, shujaa ungemwandika nani?